Tovuti Iliyokwama Kati ya Matoleo Mawili

Umebofya kitufe cha kusasisha, ujumbe mmoja au miwili ukapita, kisha ukurasa ukawa mweupe. Au limebaki tangazo moja tu kwamba tovuti iko kwenye matengenezo, na halitoki. Wengi hapo hubofya tena. Wengine hukimbilia kurejesha faili za jana, na wengine hufuta programu-jalizi zote (plugins, vipande vinavyoongezwa kuipa tovuti kazi zaidi) kwa hasira. Kila mmoja wao anaweza kuligeuza tatizo dogo kuwa kubwa, kwa sababu amerukia tiba kabla ya kuuliza swali moja: sasa hivi, tovuti hii iko kwenye toleo gani?

Linaonekana swali la kitoto. Ila kwenye mfumo wa kusimamia maudhui, iwe WordPress, Joomla au Drupal, toleo halikai mahali pamoja. Limo kwenye faili zilizo katika diski ya seva, na limo pia ndani ya hifadhidata. Kupandisha toleo ni kazi mbili zinazofuatana: kwanza kubadilisha faili, halafu kubadilisha umbo la majedwali ili yaendane na faili hizo. Sasisho likikatika, mara nyingi kazi moja imeisha na ya pili haijaanza, au mojawapo imefanyika nusu. Ukishajua ni upande upi uliohama, sehemu kubwa ya ukarabati inajipanga yenyewe. Usipojua, unabahatisha tu.

Nitaelezea zaidi kwa kutumia WordPress, kwa kuwa ndiyo iliyoenea kuliko zote, na kuigusa mingine pale inapotofautiana nayo.

Nyuma ya kitufe

Ukibofya, WordPress hupakua kifurushi cha zip, hukifungua katika folda ya muda iliyo ndani ya wp-content/upgrade, huweka faili ndogo iitwayo .maintenance kwenye folda kuu, hunakili faili mpya juu ya zile za zamani, kisha huiondoa ile .maintenance. Ndani ya faili hiyo hamna cha ajabu, ni alama ya muda tu. Kila mgeni anapofika, mfumo huangalia kama faili ipo na kama umri wake haujapita dakika 10. Ukipita, tangazo la matengenezo halionyeshwi tena hata kama faili bado ipo. Kwa hiyo tangazo likiendelea kuonekana saa nzima baadaye, ishuku kache kwanza: huenda unachotazama ni nakala ya ukurasa iliyohifadhiwa wakati wa sasisho, nayo tovuti yenyewe imeshaendelea na mambo mengine. Hata hivyo kuifuta .maintenance hakuna madhara, mradi una hakika kwamba hakuna sasisho linaloendelea.

Kuna kufuli jingine watu hawalijui. Ukijaribu tena ukaambiwa sasisho lingine linaendelea, sababu ni mstari uitwao core_updater.lock ndani ya jedwali la wp_options. Nao huisha nguvu baada ya dakika 15. Mtu mwenye subira hahitaji hata kuugusa.

Faili zikishanakiliwa inabaki hifadhidata. Faili ya wp-includes/version.php ina namba mbili: toleo tunalolifahamu sote, na namba ya umbo la hifadhidata, $wp_db_version. Toleo la 4.9, kwa mfano, lilikuja na 38590. Ndani ya wp_options upo mstari wa db_version wenye namba ya umbo ambalo majedwali yako yanalo kwa sasa. Ukiingia kwenye dashibodi na namba hizo zisifanane, WordPress inakuomba usasishe hifadhidata. Hakuna uchawi zaidi ya huo.

Drupal hufanya vilevile kwa njia yake: kila moduli ina visasisho vyenye namba, na mfumo huandika kila kimoja kilipofika, Drupal 7 ikitumia jedwali liitwalo system na matoleo ya baadaye yakitumia key_value. Joomla ina jedwali la schemas na ukurasa maalumu wa kukagua hifadhidata na kuirekebisha.

Kupima kabla ya kugusa

Fungua version.php kupitia FTP (njia ya kuhamisha faili kati ya kompyuta yako na seva) au kidhibiti faili cha hosti yako, yaani kampuni inayokukodishia seva, na uandike namba zote mbili. Fungua phpMyAdmin, chombo cha kutazama hifadhidata kwa kivinjari, tafuta db_version kwenye wp_options, uandike nayo. Ni kazi ya dakika tano, na inakuweka kwenye mojawapo ya hali nne.

Hali ya kwanza: faili na hifadhidata vyote ni vya zamani. Basi sasisho halikuanza. Hapa usihangaike na msimbo, tatizo liko kwenye seva. Ama diski imejaa, ama mfumo hauna ruhusa ya kuandika, ama seva imeshindwa kupakua kifurushi. Kumbuka kwamba nafasi inayohitajika ni ya zip pamoja na faili zilizofunguliwa, na kwamba hosti nyingi huweka kikomo cha idadi ya faili mbali na kile cha ukubwa. Unaweza kuwa na nafasi ya kutosha kabisa na bado ukakataliwa faili moja mpya. Kuhusu ruhusa, dalili ni WordPress kuanza kukuuliza jina na nenosiri la FTP. Maana yake faili zinamilikiwa na mtumiaji mwingine, si yule anayeendesha PHP, lugha ambayo mfumo umeandikwa nayo. Dawa ni kurekebisha umiliki. Ukishauriwa uweke 777, yaani ruhusa ya kila mtu kuandika, kwenye folda zote, mshukuru aliyekushauri na usifanye. Folda ni 755 na faili ni 644, na wp-config.php inaweza kubanwa zaidi ya hapo.

Hali ya pili: faili ni mpya, hifadhidata ni ya zamani. Hii ndiyo ya kawaida na ndiyo nyepesi. Nenda kwenye wp-admin/upgrade.php, au endesha wp core update-db kwa WP-CLI, chombo cha kuisimamia WordPress kwa mstari wa amri, na mara nyingi mambo yanaisha hapo.

Hali ya tatu: hifadhidata ni mpya kuliko faili. Hii haiji yenyewe, huletwa na mtu. Sasisho lilifika mwisho, kitu kimoja kikakataa kufanya kazi, mtu akarudisha faili za jana na kuiacha hifadhidata ya leo. Tovuti inaweza hata kufunguka vizuri siku kadhaa, mpaka faili za zamani zikutane na data ambayo hazijui kuisoma. Faili na hifadhidata hurejeshwa pamoja, kutoka saa ileile ya nakala, au havirejeshwi.

Hali ya nne ndiyo inayotesa: faili zenyewe zimechanganyika. Seva ilikata kazi katikati ya kunakili, kwa hiyo nusu ya wp-includes ni ya mwaka huu na nusu ni ya miaka sita iliyopita. Hapa version.php inaweza kukudanganya, maana nayo ni faili mojawapo tu katika mchanganyiko huo. Ukiwa na WP-CLI, endesha wp core verify-checksums: italinganisha kila faili ya msingi na orodha rasmi ya toleo hilo, ikutajie zisizolingana na zile ambazo hazikupaswa kuwepo. Usipokuwa nayo, usijaribu kutafuta faili moja moja. Pakua kifurushi kamili cha toleo unalolitaka, futa folda za wp-admin na wp-includes zote mbili, uweke mpya, kisha ubadilishe faili za PHP zilizo kwenye folda kuu. Usiguse wp-content wala wp-config.php: humo ndimo mlimo picha, mandhari (themes, sura ya tovuti), programu-jalizi na nenosiri la hifadhidata yako. Nimesema futa, sikusema nakili juu yake, kwa sababu kunakili juu huacha faili za zamani ambazo toleo jipya limeshaziondoa.

Ukurasa mweupe una la kusema

Weupe ule ni PHP iliyokufa huku imeamriwa isionyeshe makosa kwa wageni, na ni amri nzuri. Usiiondoe. Iambie iandike pembeni. Ndani ya wp-config.php, juu ya mstari unaosema uhariri uishie hapo, weka WP_DEBUG iwe true, WP_DEBUG_LOG iwe true, na WP_DEBUG_DISPLAY iwe false. Pakia ukurasa mara moja, kisha fungua wp-content/debug.log. Ikiwa haipo, soma error_log ya seva yenyewe. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019, WordPress pia humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha hali ya uokoaji pindi programu-jalizi inapoiangusha tovuti, lakini tovuti iliyochakaa mara nyingi ina anwani ya msimamizi aliyeshaondoka zamani.

Ndani ya logi, yaani faili hiyo ya kumbukumbu za makosa, utakutana na mstari kama huu:

PHP Fatal error: Uncaught Error: Call to undefined function create_function() in /wp-content/plugins/matangazo-kando/widget.php:41

Usome kuanzia mwisho. Kosa limetokea mstari wa 41 wa faili ya widget.php, ndani ya programu-jalizi ya matangazo-kando. Kilichotokea: imeita create_function, na PHP haiijui tena. Kwa hiyo WordPress yako haina kosa. Programu-jalizi hii ni ya zamani na PHP ya seva ni mpya. Badilisha jina la folda yake kwa FTP, weka hata herufi moja mwishoni, na WordPress itaihesabu kuwa imezimwa. Ukurasa mweupe utatoka, au utabaki na kukupa mstari wa kosa jipya, na hilo nalo ni hatua mbele. Fanya hivyo moja baada ya nyingine hadi tovuti isimame.

Tahadhari moja kuhusu kusoma logi. Njia ya faili inakuonyesha mahali pa kuanguka, na aliyesukuma anaweza kuwa mwingine. Ukiona kosa ndani ya wp-includes, usikimbilie kusema toleo jipya ni bovu. Teremka kwenye orodha ya faili zilizoitana, ile inayoanza na #0, #1, #2, mpaka uone ya kwanza inayotoka kwenye plugins au themes. Mara nyingi huyo ndiye aliyepeleka kitu kisichofaa.

Na ukikuta "Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted", namba hiyo kubwa ni megabaiti 128 zilizohesabiwa kwa baiti. Ongeza kumbukumbu hadi 256 kwa muda wa sasisho. Ikiwa 256 nazo zinaliwa, acha kuongeza: kuna programu-jalizi inayozunguka bila kutoka, na utaweza kuilisha hadi kesho.

Umri wa PHP

Tovuti iliyosahaulika kwa miaka mingi haichakai peke yake. PHP iliyo chini yake nayo huchakaa, isipokuwa PHP ina tabia ya kuondoa vitu. PHP 7.0, iliyotoka Desemba 2015, iliondoa fanksheni zote za familia ya mysql_ ambazo programu-jalizi za zamani zilizitegemea kuzungumza na hifadhidata. (Anayetafuta PHP 6 asihangaike, haikuwahi kutoka.) Mwaka 2017 PHP 7.2 ilitangaza kwamba create_function na each zinaelekea kuondolewa, na PHP 8.0 ya Novemba 2020 ikaziondoa kweli. Hiyo ya 8.0 ilifanya na jambo la pili, lenye maumivu zaidi: mambo mengi ambayo zamani yalikuwa onyo dogo ndani ya logi sasa ni kosa la kuua ukurasa. Msimbo uliokuwa ukiita count() juu ya kitu kisicho orodha ulivumiliwa kwa miaka mingi. Kwenye 8.0 haupiti.

Hapo ndipo unapozaliwa mtego unaokwamisha masasisho mengi. Mfumo wa zamani hauendi kwenye PHP mpya, na mfumo mpya haukubali PHP ya zamani. WordPress toleo la 6.6 la mwaka 2024 lilianza kudai PHP isiyo chini ya 7.2.24. Ukiwa na WordPress 4.5 juu ya PHP 5.6, ukianza na PHP tovuti inakufa, ukianza na WordPress unakataliwa. Kampuni ya hosti ikiamua kupandisha PHP ya seva zake zote usiku mmoja, mtego unakufungia ukiwa umelala. Wala haifanyi ubaya: PHP 5.6 iliacha kupata marekebisho ya usalama mwishoni mwa 2018, na 7.4 mnamo Novemba 2022.

Njia ya kutoka ni kutafuta toleo la kati linaloelewana na pande zote mbili, kama anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe hadi jiwe. Kwa WordPress jiwe hilo ni toleo la 6.2 la mwaka 2023: lilikubali bado PHP 5.6.20, na wakati huohuo liliweza kuendeshwa juu ya matoleo ya 8. Panda kwanza hadi hapo ukiwa kwenye PHP ya zamani. Sasisha programu-jalizi na mandhari. Kisha badilisha PHP, tazama logi, ndipo umalizie safari. Kwa upande wa hifadhidata huhitaji kupitia kila toleo la katikati, kwa kuwa WordPress hubeba hatua zote za zamani za kusasisha majedwali na huzipitia kwa mpangilio.

Joomla haina ulegevu huo. Kutoka 3 unapita kwanza 3.10, ambayo ilitengenezwa iwe daraja, ndipo uende 4, na kutoka 4.4 uende 5. Anayeruka ngazi hapo anajitafutia kazi. Uungaji mkono wa Joomla 3 uliisha Agosti 2023.

Drupal ina mpaka ambao lazima usemwe waziwazi. Kutoka 8 kwenda 9, kisha 10, ni kupandisha toleo kwa maana ya kawaida. Kutoka 7 kwenda lolote la baadaye si kupandisha: ni kujenga tovuti mpya na kuhamisha maudhui ndani yake, kwa sababu toleo la 8, lililotoka Novemba 2015, liliandikwa upya juu ya msingi mwingine. Moduli za 7 haziingii, mandhari za 7 haziingii. Drupal 7 ilitoka Januari 2011 na ikaendelea kuhudumiwa hadi tarehe 5 Januari 2025, kwa hiyo bado unaweza kukutana na mtu aliyenakili faili za toleo jipya juu ya za 7 na anatafuta kosa liko wapi. Kosa ni wazo lenyewe. Arudishe nakala, kisha aanze mradi wa kuhama akijua ni mradi.

Hifadhidata isiyorudi nyuma

Wengi hudhani sasisho la hifadhidata likishindwa katikati, majedwali hurudi yalivyokuwa. Kwenye MySQL, programu inayoendesha hifadhidata hiyo, hayarudi. Amri za kubadilisha umbo la jedwali, kama ALTER TABLE, hujithibitisha zenyewe papo hapo. Zikiwa kumi na ya sita ikagoma, tano za kwanza zimeshapita na hakuna wa kuzifuta. Ndiyo maana nakala ya hifadhidata iliyochukuliwa kabla ya kubofya ina thamani kuliko ujanja wowote wa baadaye.

Jinsi mfumo unavyolichukulia jambo hili ndiyo inayoamua kama kurudia ni salama. WordPress hulinganisha umbo linalotakiwa na lililopo, halafu huongeza kinachokosekana, kwa hiyo kufungua upgrade.php mara ya pili kwa kawaida hakuna hatari. Drupal huendesha visasisho vyenye namba na kuandika kila kimoja kikimalizika. Kikifia katikati hakiandikwi, na ukirudia kinaanza upya, kinakuta safu wima ambayo kilishaiongeza, kinagoma kwamba ipo tayari. Anayeona ujumbe huo hudhani hifadhidata imeharibika, kumbe anatazama alama ya jaribio lake la kwanza.

Kuna hitilafu mbili za MySQL zinazojirudia sana. Ya kwanza ni "Specified key was too long; max key length is 767 bytes". Chanzo chake ni hesabu. Kile MySQL ilichokiita utf8, mfumo wake wa kuhifadhi herufi, kilitenga baiti 3 tu kwa kila herufi, na emoji zinahitaji 4, ndiyo sababu WordPress 4.2 ya Aprili 2015 ilianza kuhamishia majedwali kwenye utf8mb4. Faharasa (orodha ya kutafutia haraka, ndiyo hiyo key) ya safu yenye herufi 255 ilikuwa inachukua baiti 765 na kuingia chini ya kikomo cha 767. Kwa baiti 4 inakuwa 1020, na inakataliwa. WordPress ilipunguza faharasa zake hadi herufi 191, yaani baiti 764. Programu-jalizi zenye majedwali yao wenyewe hazikupunguza zote. Ikiwa MySQL yako ni ya 5.7 au zaidi na majedwali ni ya aina ya InnoDB yenye ROW_FORMAT ya DYNAMIC, kikomo ni 3072 na tatizo linatoweka. La sivyo, punguza faharasa hiyo hadi 191 kwa mkono.

Ya pili ni tarehe ya sifuri, 0000-00-00 00:00:00. Tovuti za zamani zimejaa tarehe hizi, na MySQL kuanzia 5.7 huja na ukali unaozikataa. Cha kuchanganya ni kwamba WordPress yenyewe huuzima ukali huo kila inapounganika, kwa hiyo ndani ya dashibodi kila kitu ni shwari, ila ukiingiza nakala kwa phpMyAdmin au ukiandika ALTER yako mwenyewe, unakataliwa. Legeza sql_mode, mpangilio unaobeba ukali huo, kwa muunganisho huo mmoja tu, fanya kazi yako, uondoke.

Jedwali likiwa kubwa, tatizo lenyewe linaweza kuwa uhaba wa muda tu. PHP inayoitwa na kivinjari kwa kawaida hupewa sekunde 30. PHP inayoitwa kwa mstari wa amri haina kikomo hicho. Ukiwa na nafasi ya kuingia kwenye seva kwa SSH, njia ya kuiandikia amri ukiwa mbali, kazi za hifadhidata zifanyie huko.

Nakala, na jaribio lisilo mbele ya wageni

Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa si nakala bado. Faili ya .sql iliyotolewa na mysqldump humalizika kwa mstari wa "Dump completed". Tazama mwisho wa faili: usipouona, na kama hukuzima maelezo wakati wa kutoa nakala, basi ilikatika njiani, na majedwali ya mwisho hayamo. Nakala zinazotolewa kupitia kivinjari hukatika hivyo mara nyingi, kwa sababu ya zile zile sekunde 30.

Ukishakuwa na nakala nzima, weka tovuti ya majaribio kwenye anwani nyingine na ufanyie sasisho huko kwanza. Hapo kuna shimo ambalo watu huingia wakidhani ni sasisho lililoshindwa. Wanafungua .sql kwa kihariri, wanabadilisha anwani ya zamani kuwa mpya kila mahali, wanaipakia, na vidirisha vya pembeni vimepotea, mipangilio ya mandhari imefutika. Sababu ni kwamba WordPress huhifadhi mipangilio mingi kwa umbo hili:

s:18:"http://example.com"

Ile 18 ni urefu wa maandishi yanayofuata. Ukigeuza http kuwa https, maandishi yanakuwa 19 huku namba ikibaki 18, na PHP ikisoma inaona haviendani, inautupa mpangilio mzima bila neno. Tumia wp search-replace, au chombo kingine kinachojua kuhesabu upya urefu. Kihariri cha kawaida hakijui.

Yanayofanana na kushindwa

Wakati mwingine sasisho limefaulu na macho ndiyo yanayoona ya jana. OPcache ya PHP inaweza kuendelea kutekeleza msimbo wa zamani ulio kwenye kumbukumbu ilhali faili mpya zimeshawekwa. Kuianzisha PHP upya kunatosha. Ongeza kache ya programu-jalizi, ya CDN (seva za kati zinazosambaza kurasa) na ya kivinjari, zote zisafishwe kabla ya kutoa hukumu.

Au kurasa zinafunguka lakini menyu haishuki, picha hazizunguki, kitufe cha kuhariri hakiitikii. Hapo PHP haina la kukuambia, logi iko safi. Fungua konsoli ya kivinjari. Kwenye tovuti za WordPress zilizoruka miaka mingi, mshukiwa wa kwanza ni jQuery, maktaba ya JavaScript inayoendesha vitu hivyo ndani ya kivinjari: toleo la 5.5 la Agosti 2020 liliacha kupakia kiunganishi kilichokuwa kikiifanya misimbo ya zamani ieleweke, na 5.6 ya Desemba mwaka huohuo ikaleta jQuery 3.5.1. Mandhari iliyoandikwa mwaka 2012 ina uwezekano mkubwa wa kuwa na mistari ambayo jQuery mpya haiitambui.

Na lipo la kutofurahisha. Tovuti iliyokaa miaka bila kusasishwa huenda ilishaingiliwa, na sasisho linashindwa kwa sababu faili zake zilibadilishwa na mtu mwingine. Mnamo Oktoba 2014 Drupal 7 ilitoa rekebisho la pengo kubwa, na timu yake ya usalama baadaye ikatangaza kwamba tovuti yoyote ambayo haikuwa imerekebishwa ndani ya saa 7 ihesabiwe kuwa imeingiliwa. Saa 7, na hapa tunazungumzia miaka. Kupandisha toleo hakusafishi: faili ya PHP iliyofichwa ndani ya wp-content/uploads, mahali panapotakiwa picha tu, itabaki palepale ikikusubiri. Tafuta faili zote za .php ndani ya uploads, na tazama orodha ya watumiaji wenye cheo cha msimamizi. Ukikuta usiyemjua, acha kushughulika na sasisho. Hiyo sasa ni kazi nyingine.

Kuna tovuti ambazo, kwa maoni yangu, hazistahili kupandishwa. Ikiwa programu-jalizi inayobeba kazi kuu imetelekezwa na mwandishi wake, mandhari ilihaririwa kwa mkono bila kumbukumbu, na faili za msingi zenyewe zimechezewa, basi kila saa unayotumia kufukuza makosa ni saa ungeitumia kujenga tovuti safi na kuingiza makala, picha na watumiaji tu. Maudhui ndiyo mali. Msimbo wa zamani unaweza kuachwa.

Tovuti ikishasimama, rudi kwenye wp-config.php na uzime WP_DEBUG. Futa debug.log, maana ilikaa mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuifungua kwa kivinjari. Ondoa folda za programu-jalizi ulizozibadilisha majina, na kila .zip na .sql uliyoiweka kwenye folda ya umma kwa haraka. Tafuta hasa wp-config.php.bak: seva nyingi haziitekelezi kama PHP, humpa anayeiomba kama maandishi ya kawaida, na nenosiri la hifadhidata limo humo. Ukiikuta, ifute, kisha ubadilishe na nenosiri lenyewe.